Kama mimi si mwili wala akili, mbona bado namlilia mama?

Swali: Mwalimu, habari yako. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku katika hospitali moja hapa Nairobi na naishi Kayole. Mama yangu alifariki mwaka jana. Tangu wakati huo nimekuwa nikisikiliza kwenye simu walimu wanaosema kwamba sisi si mwili wala akili, sisi ni ufahamu mtupu, na kwamba hakuna anayezaliwa wala anayekufa. Nikaanza kujiuliza "mimi ni nani?" kila ninapotoka kazini. Mwanzoni nilitulia. Sasa ni kama najitazama kwa mbali. Juzi ndugu wa mgonjwa alilia mbele yangu na sikuhisi chochote, nikajiambia nimepiga hatua. Lakini nikiwa peke yangu jikoni bado nalia. Dada yangu anasema nimekuwa baridi. Nyumbani Kangundo wanapanga kuweka msalaba kwenye kaburi la mama, nami sioni haja ya kwenda, kwa sababu kama mafundisho haya ni ya kweli, aliyelala pale si mama. Basi mimi wa kweli ni nani? Na Mungu niliyekuwa nikimwomba kanisani yuko wapi katika haya yote?

Jibu: Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Mwaka mmoja si muda mrefu kwa msiba kama huo, na zamu za usiku hazimpi mtu nafasi ya kuomboleza. Unatoka kazini wenzako wakiingia, unalala jua likiwaka, na machozi yanakosa saa yake.

Nitaanza na Kangundo kwa sababu jambo hilo lina tarehe, na mengine yanaweza kungoja. Nenda. Sisemi hivyo kwa kuogopa jamaa watasema nini. Nasema hivyo kwa sababu mafundisho unayoyataja, ukiyafuata mpaka kwenye chimbuko lake, hayakuzuii kwenda. Tena watu wawili wanaoheshimiwa sana katika njia hiyo, kila mmoja ana habari yake na mama yake, na naona hukusimuliwa.

Wa kwanza ni Shankara, mwanafalsafa wa kusini mwa India ambaye wataalamu wengi humweka katika karne ya 8. Ndiye aliyeipanga Advaita, yaani fundisho la kutokuwa na uwili, ikawa mfumo kamili, kwa kufafanua Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu. Alikuwa mtawa. Kwa desturi ya huko, mtawa ameshaachana na nyumba na ukoo. Shughuli za mazishi si zake tena. Masimulizi ya maisha yake, yaliyoandikwa miaka mingi baada yake, yanasema kwamba mama yake alipokaribia kufa, Shankara alirudi kwao Kaladi, Kerala, akakaa naye, na alipokata roho akaichoma maiti yeye mwenyewe huku jamaa wakimgomea kwa kuvunja mwiko. Uyachukue masimulizi hayo kama historia au kama hadithi, shauri lako. Mimi najali kwamba wafuasi wake, watu waliofundishwa kuwa Nafsi, yaani mimi wa kweli, haifi, ndiyo habari waliyochagua kuitunza juu ya mwalimu wao.

Wa pili ni wa karibu zaidi na habari zake zina mashahidi. Ramana Maharshi alizaliwa mwaka 1879 katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tamil Nadu. Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 16, hofu ya kifo ilimshika ghafla nyumbani kwa ami yake mjini Madurai. Akalala chini, akaukaza mwili kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukifa, mimi ninakufa? Wiki chache baadaye aliondoka nyumbani bila kuaga, akaenda kwenye mlima Arunachala, na hakutoka tena huko mpaka alipofariki mwaka 1950. Mama yake alimfuata mwaka 1898 akimsihi arudi. Kijana alinyamaza, na mwisho akamwandikia maneno machache tu kwamba litakalokuwa litakuwa. Ukiishia hapo utasema huyu alikuwa baridi kunizidi.

Lakini endelea. Mwaka 1916 mama alihamia kwake mlimani, akawa anawapikia waliokuwa pale, na mwanawe akawa mwalimu wake. Tarehe 19 Mei 1922, mama akiwa katika siku yake ya mwisho, Ramana alikaa kando yake tangu asubuhi mpaka usiku ulipoingia, mkono mmoja kifuani pa mama na mwingine kichwani, hadi pumzi ilipokatika. Wakamzika chini ya mlima. Ramana akawa anateremka mara kwa mara kwenda pale kaburini, na kabla mwaka haujaisha akahamia hapohapo. Ashrama yake, yaani makao yake ya kiroho, ambayo watu wa dunia nzima huizuru mpaka leo, ilikua kuzunguka kaburi hilo. Mtu aliyekuwa akiwauliza wageni wake "wewe ni nani?" aliishi zaidi ya miaka 27 kando ya kaburi la mama yake.

Sasa tulitazame swali lako lenyewe.

Naona umepewa nusu ya kazi, na hiyo nusu umeifanya kwa bidii sana. Nusu ya kwanza inakwenda hivi. Kikombe kilicho mezani unakiona, kwa hiyo wewe si kikombe. Miguu iliyovimba baada ya zamu unaihisi, kwa hiyo kuna anayeihisi. Mawazo yanapita na unayajua yakipita. Huzuni inapanda kooni na unajua imepanda. Kila kinachojulikana si yule anayejua. Katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi kongwe, mwalimu Yajnavalkya akitaka kuielekeza Nafsi husema: si hili, si hili. Hatua hii ina nguvu kweli. Mtu aliyekuwa akisema "mimi ni huzuni tupu" anagundua kwamba huzuni ni kitu anachokiona, na kifua kinapata nafasi. Ule utulivu wako wa mwanzo ulikuwa wa kweli, usiukane.

Tatizo ni kuishia hapo. Ukiishia hapo unabaki na vitu viwili: shahidi upande huu, na upande ule mwili, mama, wagonjwa, dunia. Kuna chuo cha kale cha falsafa ya India kinachoitwa Samkhya ambacho kilifundisha hivyo waziwazi, kwamba kuna anayeshuhudia na kuna maumbile, viwili vya milele visivyochanganyika. Ni msimamo wenye hoja zake. Ila huo ndio uwili wenyewe. Advaita iliichukua hatua hiyo kisha ikakataa kutulia juu yake. Upanishadi zilezile zinazosema "si hili, si hili" ndizo zinazosema pia, katika Chandogya, kwamba yote haya ni Brahman, yaani uhalisi ule mmoja usio na mpaka.

Kwa hiyo iko hatua ya pili, na hii naomba uifanye polepole. Rudi kwenye kile ulichokisukuma. Ile huzuni uliyoiambia "wewe si mimi", itazame tena. Inatokea wapi? Inajulikana kwa kitu gani kama si kwa ufahamu uleule? Tafuta mstari: hapa anaishia anayejua, hapa inaanzia huzuni. Usifikiri, tafuta hasa, kama unavyotafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa aliyeishiwa maji. Waliotafuta kwa uaminifu wanasema mstari huo hauonekani. Wewe ni zaidi ya huzuni, kwa kuwa huzuni hupita na wewe hubaki. Lakini huzuni si kitu kingine kilichotoka nje kuja kukuvamia. Ukitambua hivyo huna sababu ya kukimbia, wala huna mahali pa kukimbilia.

Chandogya ina kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kijana Shvetaketu amerudi nyumbani akiwa na miaka 24, baada ya kusoma kwa miaka 12, na amejaa majivuno. Baba yake, Uddalaka, anamwambia: weka chumvi hii kwenye maji, uje kwangu asubuhi. Asubuhi anamwambia: niletee ile chumvi. Kijana anapapasa, haipati, imeyeyuka. Baba: onja juu. Kuna nini? Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja chini kabisa. Chumvi. Basi, anasema baba, huioni lakini imo humuhumu. Na kile kilicho kiini cha yote, ambacho ndicho ukweli, ndicho Nafsi, ndicho wewe, Shvetaketu.

Angalia baba hakumwambia mwanawe amwage maji ili abaki na chumvi. Alimwonjesha maji yaleyale. Wewe, dada, umekuwa ukimwaga maji.

Sasa huyu anayekutazama kwa mbali ni nani? Umemwandika vizuri kwenye barua yako, na hapo ndipo siri yake inapofichuka. Kama unaweza kumweleza, basi na yeye anajulikana. Unajua yuko mbali, unajua alianza lini, unajua ana ubaridi. Pengine hata unahisi mahali alipokaa, nyuma ya macho au juu ya kisogo. Kwa hiyo naye ni kitu kimoja zaidi kinachoonekana. Si Nafsi. Ni wazo lililovaa nguo za shahidi. Nafsi haina umbali na chochote, kwa sababu umbali wenyewe unajulikana ndani yake.

Na ile siku uliyosimama mbele ya ndugu wa mgonjwa bila kuhisi kitu, usiihesabu kama hatua. Kutohisi ni hali, na hali huja na kuondoka. Yako iliondoka ulipofika jikoni. Kila mwalimu makini wa njia hii atakuambia kwamba kinachokuja na kuondoka sicho unachokitafuta, kiwe raha, kiwe ukimya, kiwe ubaridi. Ungelia na yule ndugu usingekuwa umepoteza chochote.

Hapa nitoke kidogo kwenye falsafa, kwa kuwa wewe ni mtu wa afya na utanielewa. Hali ya kujiona kama uko nje ya mwili wako, dunia ikionekana kama picha, madaktari wanaijua na wana jina lake. Huletwa na msiba, na msongo wa mawazo, na kukosa usingizi, na wewe una vyote vitatu. Ikiwa inadumu, ikiwa inakutia hofu, au ikiwa inakuzuia kazini, zungumza na mshauri nasaha au daktari wa akili, na punguza mazoezi haya mpaka usingizi wako urudi. Hakuna mwalimu wa kweli atakayeona ni udhaifu. Shankara mwenyewe hakumfundisha kila aliyepita njiani. Aliweka masharti kwa mwanafunzi: awe anaweza kupambanua cha kudumu na cha kupita, awe hatawaliwi na tamaa, awe na utulivu, kujizuia, subira na imani, na awe na kiu ya kweli ya kuwa huru. Utulivu unatakiwa uwepo kabla ya somo. Video ya dakika kumi haimuulizi mtu kama amelala.

Najua pia kuna pingamizi ambalo muuguzi lazima alifikirie hata kama hukuliandika. Umewaona wagonjwa wakichomwa nusukaputi na kuzima kabisa. Kama ufahamu ndio sisi wa kweli na haukatiki, ulikwenda wapi pale? Advaita inalo jibu la zamani, linalotolewa juu ya usingizi mzito usio na ndoto. Mandukya, Upanishadi fupi kupita zote kuu, yenye aya 12 tu, inataja kukesha, kuota na usingizi mzito, kisha inataja ya nne ambayo si hali kama hizo tatu bali ndiyo inayozibeba zote. Na Brihadaranyaka inasema kwamba katika usingizi mzito anayeona hakosi kuona, ila hapana cha pili cha kuonwa. Wafuasi wa Shankara huongeza: ukiamka unasema "nililala vizuri, sikujua chochote", na huwezi kuukumbuka utupu huo kama haukushuhudiwa. Wanamantiki wa chuo cha Nyaya waliwapinga, wakasema hapo mtu hakumbuki, anakisia tu kutokana na jinsi anavyojisikia akiamka. Mjadala huo ulidumu karne nyingi na wenye akili walikuwa pande zote mbili. Mimi siutegemei usingizi kumthibitishia mtu Nafsi. Unachoweza kukihakiki ukiwa macho kinatosha kuanzia, na daktari wa nusukaputi anapozungumzia ufahamu anazungumzia kazi ya ubongo ya kuitikia na kukumbuka, ambayo kwa Advaita ni sehemu ya vinavyojulikana.

Kuna mchanganyiko mwingine unaokusumbua bila wewe kujua. Walimu wa kwenye simu hupokezana maneno ya watu wasiokubaliana. Mmoja anasema hakuna nafsi kabisa. Hilo ni fundisho lenye asili kwa Buddha, aliyekataa kwamba kuna kiini cha kudumu ndani ya mtu. Mwingine anasema Nafsi ni moja na ndiyo wewe. Hiyo ni Advaita. Ukiyasikiliza yote usiku mmoja utajikuta unajifuta na kujitafuta kwa wakati uleule. Chagua njia moja kwa sasa.

Tuje kwenye sentensi iliyokuumiza, kwamba hakuna anayezaliwa wala anayekufa. Haikutungwa mtandaoni. Iko katika beti za Gaudapada, anayehesabiwa kuwa mwalimu wa mwalimu wake Shankara: hakuna kutoweka wala kuzaliwa, hakuna aliyefungwa wala anayetafuta uhuru, na huo ndio ukweli wa juu kabisa. Maneno "wa juu kabisa" ni muhimu hapo, na ndiyo yanayoangushwa njiani. Shankara alitenganisha ngazi mbili za kusema kweli. Iko ngazi ya mwisho, na iko ngazi ya maisha ya kila siku, ambayo alisisitiza kwamba inasimama na sheria zake zote mpaka mtu atambue. Katika ngazi hii ya pili kipimo cha dawa ni sahihi au si sahihi, mgonjwa wa kitanda cha tatu anaumwa kweli, na mama yako amekufa. Kuchukua sentensi ya ngazi ya kwanza na kuitumia kuzima jambo la ngazi ya pili si hekima. Mbele ya mtu anayelia ni ukatili, hata kama aliyesema hakukusudia, na hata kama anayelia ni wewe mwenyewe.

Kuhusu Mungu, nitakujibu kwa uwazi kwa sababu naona ndipo palipo na uzito wote. Swali lako liliulizwa ndani ya India yenyewe, kwa ukali. Kama vyote ni kimoja, nani anamwomba nani? Ramanuja, katika karne ya 11 na ya 12, alimjibu Shankara kwamba roho ni kweli na Mungu ni kweli, na roho ni kwa Mungu kama mwili ulivyo kwa mwenye mwili. Haziachani, lakini hazifutani. Madhva, katika karne ya 13, akasema tofauti kati ya Mungu na roho haitaondoka kamwe. Na hapa kwetu, ukipita Ngara na Parklands kuuliza Wahindu wanasema nini, utapata majibu tofauti kwenye milango tofauti. Wafuasi wa Arya Samaj wanafundisha kwamba Mungu, roho na maumbile ni vitatu tofauti vya milele. Waswaminarayan nao wanatofautisha roho na Mungu daima. Advaita ni sauti moja kati ya hizo, sauti kubwa, lakini moja.

Na hata hiyo sauti moja haikuacha kuomba. Kwa Shankara, katika ngazi ya maisha Mungu yupo, Bwana anayeumba na kusikia, na ibada kwake huusafisha moyo. Ramana aliutungia mlima Arunachala, ambao kwake ulikuwa ni Mungu mwenyewe, utenzi wa beti 108 uliojaa mahaba na vilio, kama mke anayemwita mumewe. Alimwambia anayemjia: uliza wewe ni nani, au jikabidhi. Njia ya pili hakuiweka chini ya ya kwanza.

Sitakuambia, hata hivyo, kwamba kanisa lako linafundisha jambo hilohilo kwa lugha nyingine. Wapo wanaosema hivyo na nadhani wanafanya haraka. Ukristo na Uislamu vinaweka mpaka kati ya Muumba na kiumbe, na waliousogelea mpaka huo walipata shida. Al-Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922, na anakumbukwa kwa kusema "mimi ni Haki", neno ambalo ni mojawapo ya majina ya Mungu. Meister Eckhart, padri wa shirika la Wadominiko huko Ujerumani, alifariki akiwa bado anajitetea, na mwaka 1329 Papa Yohane wa 22 alilaani sehemu ya maneno yake. Wote wawili walijiona waumini mpaka mwisho, na wote wawili bado wana watu wanaowapenda ndani ya dini zao. Ninachotaka ujue ni kwamba tofauti hii ni ya kweli, watu wamelipa gharama yake, na wewe hulazimiki kuiamua mwaka huu ukiwa na kidonda kibichi. Kama maombi yamebaki ndani yako, omba. Anayeomba anajulikana katika ufahamu uleule unaoutafuta. Huna haja ya kumnyamazisha kwanza.

Nilimfahamu mwanafunzi mmoja aliyeacha kuomba siku aliyosoma Gaudapada, akarudia miezi mingi baadaye akiwa na aibu kana kwamba ameshindwa mtihani. Hakuwa ameshindwa chochote.

Namna ya kufanya basi. Maagizo ya Ramana yanayotumika zaidi ni yale aliyomwandikia mtu mmoja mwenye maswali karibu mwaka 1902, wakati yeye mwenyewe alikuwa hazungumzi. Wazo likizuka, uliza limemzukia nani. Jibu linakuja lenyewe: mimi. Kisha uliza huyo mimi ni nani, na hapo usitoe jibu la maneno. Usiseme "mimi ni ufahamu". Geuza tu uangalifu kuelekea pale hisia ya "mimi" inapotokea, ubaki hapo. Usiirudie kama wimbo. Kwa hali yako naongeza mambo matatu. La kwanza, usifanye kwenye matatu ukitoka zamu, makanga akipiga kelele na kichwa kikisinzia. Hapo akili haichunguzi, inajizima, nawe utauita uzimaji huo utulivu. Lala kwanza, fanya ukiamka, kwa muda mfupi. La pili, machozi yakija jikoni usiulize "nani analia?" ili yakome. Yaache. Sikia yanaanzia wapi, kooni au tumboni, na joto lake, na jinsi sura ya mama inavyokuja nayo. Yakishapita, kama utapenda, ndipo uulize. La tatu, ukiwa wodini usifanye zoezi lolote. Mtazame mgonjwa usoni, fanya kazi yako.

Kama unataka kusoma badala ya kusikiliza, anza na sura ya 6 ya Chandogya, yenye kisa cha chumvi, halafu mazungumzo ya Yajnavalkya na mkewe Maitreyi katika Brihadaranyaka. Maitreyi anakataa kugawiwa mali, anataka aambiwe kinachoshinda kifo, na anapojibiwa anamwambia mumewe waziwazi kwamba amemchanganya. Mandukya isome baadaye. Gaudapada mwache kabisa mpaka upate mtu wa kusoma naye uso kwa uso. Vikundi vya kusoma Vedanta, yaani mafundisho yanayotokana na Upanishadi, vipo hapa Nairobi, na cha kumuuliza anayekiongoza siku ya kwanza ni hiki ulichoniuliza mimi, kuhusu mama yako na msalaba.